Jumamosi nne za kujifunza usaili wa igizo, Moshi: nilicholipia na nilichopata

Mimi ni kondakta wa Coaster ya Moshi–Arusha, huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya kulipia darasa hili nilizunguka karibu mwezi mzima nikitafuta mtu aliyewahi kulipitia anieleze kama lina faida, sikumpata. Naandika kwa ajili ya huyo anayetafuta sasa kama nilivyotafuta mimi.

Ni darasa la kujiandaa na usaili wa igizo la jukwaani, basi. Hawafundishi filamu, hawaahidi kukutafutia kazi, hawakupigi picha za kupeleka kwa wakubwa. Wanafundisha namna ya kuingia kwenye chumba walimokaa watu watatu wenye kalamu, ukafanya kazi yako dakika mbili, ukatoka. Jumamosi nne, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, shilingi 60,000. Unaruhusiwa kulipa kwa mafungu mawili. Mimi nilitoa 30,000 siku ya kwanza na 30,000 Jumamosi ya tatu. Ukumbi ni wa kukodi, upande wa Majengo, bati juu bila dari, viti vya plastiki, sakafu ya saruji. Mwalimu ni mama wa makamo aliyesoma Bagamoyo enzi kile chuo bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa mwaka 2007. Sisi tulimwita Madam. Yeye wanaume wote alituita baba na wanawake wote mama, hata yule binti wa kidato cha nne.

Gharama yangu ya kweli ilizidi hiyo 60,000. Kila Jumamosi nilimwachia gari deiwaka, yaani mtu wa kunishikia kazi kwa siku, na Jumamosi ndiyo siku yenye abiria. Kwa hiyo jumlisha na posho za siku nne. Nasema hivi ili mwenye kazi ya kulipwa kwa siku apige hesabu yake vizuri kabla ya kujiandikisha.

Sasa kwa nini nililitafuta. Mwaka jana kundi moja la Arusha lilitangaza usaili. Maigizo nayapenda tangu shule ya msingi, tangu zile siku za wazazi ambapo darasa la sita tunatoa ngonjera na igizo, na mama yangu anasimama nyuma na kitenge chake kipya. Nikajiandikisha, nikapewa namba 43. Nilichagua maneno ya Kinjeketile kwenye ile tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, inayohusu Vita vya Majimaji. Rafiki yangu alikuwa na fotokopi ya kurasa mbili, sehemu anapotoka mtoni na kuwahutubia watu. Nikazikariri wiki mbili garini, nikiwa nimesimama mlangoni, karatasi nimeikunja ndani ya mkono wa kuhesabia nauli.

Siku ilipofika nikasimama nikaitoa ile hotuba kwa sauti yangu yote. Sauti ninayo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikiita Arusha pale stendi, aliye ng'ambo ya barabara anageuka. Nilimwona mmoja wa majaji akisogeza kiti nyuma, nikadhani nimemgusa. Katikati nikasahau mstari. Nikasema, "Samahani, naomba nianze upya." Wakaniruhusu. Nikasahau palepale, nikaomba tena. Yule wa katikati akasema kwa upole, "Asante kaka, inatosha." Nilirudi Moshi nimekaa kiti cha nyuma kama abiria, na sikusema na mtu mpaka Kwa Sadala. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa naamini mtu mwenye sauti kama yangu hawezi kukosa nafasi jukwaani.

Jumamosi ya kwanza Madam hakugusa habari ya sauti. Alitutoa nje wote kumi na wanne, akachora alama ya chaki katikati ya ukumbi, akatuambia tuingie mmoja mmoja, tutembee mpaka kwenye chaki, tutaje jina na kile tutakachoigiza, tutoke. Hakuna kuigiza. Tulifanya hivyo saa mbili nzima, mpaka kuna mtu akalalamika kuwa amelipia kujifunza kutembea. Lakini ukikaa ukawatazama wenzako ndipo unaelewa. Mmoja aliingia na simu mkononi. Mwingine alianza kutaja jina akiwa bado mlangoni, jina likaishia njiani. Binti mmoja alitamka jina lake kama anayeuliza swali. Mimi niliambiwa nimesema samahani mara tatu na sijamkosea mtu.

Halafu akatueleza jambo ambalo peke yake lilinipunguzia nusu ya woga. Wale waliokaa pale, alisema, wanakuombea upatie. Wana igizo, wana nafasi haijajazwa, wameshaona watu thelathini na bado ishirini. Kila mlango ukifunguliwa wanatamani huyo anayeingia awe ndiye, wamalize, waende kula. Mimi nilimwelewa haraka kwa kufikiria tajiri wa gari anayetafuta dereva. Tajiri hakai pale kutafuta wa kumfukuza. Gari limelala, hesabu hailetwi, anataka mtu. Mwaka jana mimi niliingia kama mtu anayeomba asamehewe nauli.

Tulifundishwa na kutoka pia. Ukimaliza neno la mwisho usilikimbie. Kaa nalo pumzi moja, kisha urudi kuwa wewe, sema asante, ondoka. Wengi wetu tulikuwa tunamaliza na kutikisa kichwa au kukunja uso, kuwaonyesha majaji kwamba sisi wenyewe hatukuridhika. Madam alikuwa mkali hapo kuliko mahali pengine popote. Alisema jaji anaweza kuwa amependa, wewe ukamwambia kwa uso wako kwamba amekosea kupenda.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kuchagua na kusoma. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia ninacho kipande cha Kinjeketile, nakijua chote. Akauliza, "Kinjeketile anaishia wapi?" Sikujua. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili tu. Akatoa kitabu chake, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, akaniazima kwa sharti nikirudishe Jumamosi inayofuata.

Nilikisoma usiku tatu. Yule mtu anayetoka mtoni akiwaunganisha watu kwa maji, baadaye ndani ya tamthilia hiyohiyo anaanza kuyaogopa maneno yake mwenyewe, na mwisho yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kuwa maji ni uongo, anakataa. Na nje ya kitabu, Kinjikitile Ngwale mwenyewe wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Viliendelea mpaka 1907. Mwaka jana mimi nilikuwa napiga kelele za ushindi kwa mdomo wa mtu wa namna hiyo. Nadhani kama kuna kitu kimoja cha kuwaambia wanaojiandaa na usaili bila kulipa hata senti, ni hiki: kitafute kitabu kizima. Fotokopi ya kurasa mbili itakupa maneno, haitakupa mtu.

Mengine ya Jumamosi hiyo nayapitia haraka. Vipande viwe viwili vinavyotofautiana, kimoja kizito kimoja chepesi, kila kimoja kisivuke dakika mbili, na upime kwa saa ya simu ukiwa umesimama, maana ukikaa unasoma haraka zaidi. Chagua mtu wa rika lako. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayeigiza babu anawapa majaji kazi ya kumfikiria akiwa na mvi badala ya kumsikiliza. Hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari, kwenye tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, ni nzuri mno na kwa sababu hiyo wanaume wengi huichagua. Ukiileta, alisema, unashindanishwa na wote waliokutangulia asubuhi hiyo. Mimi nilibaki na Kinjeketile, na kwa kipande chepesi akanipa alichokiandika mwenyewe, cha mtu mwenye jino bovu anayetafuta visababu vya kutomfikia daktari.

Pembeni ya kila mstari tulitakiwa kuandika kwa penseli majibu ya maswali matatu: nasema na nani, nataka anifanyie nini, kitu gani kinanizuia. Alitueleza kuwa chimbuko lake ni kazi za Mrusi Konstantin Stanislavski, mmoja wa waanzilishi wawili wa jumba la sanaa la Moscow mwaka 1898, aliyekuwa akiwataka waigizaji wajiulize wangefanya nini kama wao ndio wangekuwa kwenye hali ile. Huku kwetu tunasema kuvaa uhusika. Madam hakulipenda sana neno kuvaa. Alisema ukivaa utakuja kuvua, na majaji huona pindo.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonirudishia pesa yangu, pamoja na posho.

Nilisimama kwenye chaki, nikaanza hotuba. Sentensi ya pili akanyanyua mkono.

"Baba, unasema na nani?"

"Na watu, Madam. Wanakijiji."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Mmoja wao anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Kwenye penseli yangu nilikuwa nimeandika "umati". Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele yangu, akakaa. "Gari limejaa. Mimi abiria. Nauli yangu haitoshi. Niambie unavyoniambia."

Nikamkumbuka bibi mmoja aliyepanda Tengeru. Alikuwa anakwenda hospitali ya KCMC kumwona mgonjwa, ana kiroba cha ndizi, na nauli imepungua elfu moja. Alinifunulia kiganja chake na zile sarafu bila kusema kitu. Nilimwinamia, maana sikutaka jirani yake asikie. Nikafanya hivyohivyo kwa Madam. "Shikamoo bibi. Weka hiyo hela, utakuja kunipa siku nyingine. Tukifika stendi usishuke haraka, ningoje, nikupandishe gari la KCMC."

Nilipoinua macho ukumbi ulikuwa kimya. Madam akageuka nyuma akamuuliza kijana aliyekaa kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango kama amesikia. Akajibu amesikia kila neno. Na mimi sikuwa nimepaza sauti hata kidogo.

"Hiyo unaitoa wapi?" akaniuliza Madam. Sikuwa na jibu. Akanipa yeye. Nikiita abiria stendi sauti inatoka kooni, mabega yamepanda, inakwenda kwa kila mtu na haimfikii yeyote. Kila mmoja anajua siongei naye. Nilipomwinamia bibi pumzi ilishuka, shingo ikalegea, na maneno yakawa na mahali pa kwenda. Akanishika mkono akauweka chini ya mbavu zangu, akaniambia niseme tena ile ya bibi. Niliona kabisa tumbo likisukuma mkono. Kisha akaniambia, kwa tumbo hilohilo na kwa bibi huyohuyo, toa hotuba.

Nilitoa. Sitasema ilikuwa nzuri, siwezi kujitazama. Ila mara ya kwanza tangu niyakariri yale maneno nilijisikia namwambia mtu kitu ambacho nataka akubali. Kwenye ule umati nilikuwa nimemchagua mmoja, mwanamke mzee anayeogopa, na ndiye niliyehitaji anikubalie. Wengine wote watamfuata.

Sijui kama naeleweka kwa maandishi. Miaka tisa nimekuwa na sauti mbili kwenye kazi moja, na niliyokuwa najivunia ni ile mbaya. Nilitoka nje wakati wa mapumziko nikasimama peke yangu upande wa ukuta, Kibo imefunguka asubuhi ile, nikasema sentensi za hotuba taratibu kwa yule bibi, nikijua kuwa sasa ninacho kitu.

Mazoezi ya sauti aliyotupa siku hiyo nayafanya mpaka leo kabla ya safari ya kwanza. Pumzi ya chini, mkono chini ya mbavu. Kuvuma "mmm" midomo imefungwa mpaka iwashe. Kusema sentensi moja kwa mtu aliye hatua tatu, kisha hatua kumi, kisha mwisho wa ukumbi, bila koo kubana. Unachoongeza ni pumzi na uwazi wa silabi. Na sauti ikikauka usinong'one, kunong'ona kunaichosha zaidi. Nyamaza, kunywa maji. Tangawizi yangu ya moto hakuikataza, alisema inafariji, ila kinachoponya ni maji na kupumzika.

Kuna jambo moja la lugha alilolisisitiza ambalo sijawahi kulisikia popote. Kiswahili kinaweka mambo makubwa mwanzoni mwa neno: nani, lini, ndiyo au hapana. Anayeigiza akiwa na jazba huwa anameza mwanzo wa neno na kukazania katikati. Sasa chukua "hatakuja" na "atakuja". Kati ya hayo mawili kuna pumzi moja tu ya h. Ukiimeza, umemwambia jaji kinyume cha igizo zima. Alituweka mwisho wa ukumbi mmoja mmoja, tukataja ama moja ama lingine, na wenzetu wakaandika walichosikia. Mimi kwenye majaribio kumi nilieleweka manne. Ndugu zangu wa mwambao nadhani wana mazoea mazuri zaidi kwenye hili, lakini hata dada mmoja wa Tanga aliyekuwa nasi alikosea mara mbili.

Jumamosi ya nne ilikuwa usaili wa kuigiza, na meza, na kalamu, na watu wawili wageni waliokaa na Madam. Hapa tulijifunza mambo ya vitendo ambayo ukiyasikia unaona madogo. Usimtazame jaji machoni ukamfanya mhusika mwenzako, maana yeye anataka kuandika na wewe unamlazimisha aigize; chagua sehemu juu kidogo ya kichwa chake, umweke mtu wako pale. Usilete vifaa. Kiti kimoja kinatosha. Vaa nguo unayoweza kupigia magoti, isiyo na maandishi kifuani. Ukisahau mstari usitoke. Vuta pumzi ukiwa bado unamtazama mtu wako, ukimtaka bado kile ulichokuwa unakitaka, na mara nyingi mstari hurudi wenyewe. Wakikukatisha kabla hujamaliza usihesabu kama umeanguka, wakati mwingine wameshaona wanachokihitaji.

Kisha jaji huwa anasema, "Fanya tena, lakini safari hii hivi." Mimi nilikuwa nadhani ukiambiwa hivyo umekosea. Kumbe mwongozaji anataka kujua kama unaongozeka, kwa sababu ndiyo kazi mtakayofanya pamoja miezi miwili. Anayerudia vilevile kama mwanzo, hata kama mwanzo ulikuwa mzuri, amejibu swali hilo vibaya. Tulifanyishwa: nifanye kama nacheka, nifanye kama nina haraka ya kuwahi gari, nifanye nikiwa nimekaa. Na kusoma karatasi ambayo hujawahi kuiona: ishike usawa wa kifua, chukua nusu ya mstari kwa jicho, inua uso umpe mwenzako, rudi. Mwenzako akisoma usitafute mstari wako unaofuata. Msikilize. Hapo nilipata shida sana na sikumaliza shida hiyo darasani, muda haukutosha.

Hilo linanileta kwenye malalamiko yangu, na ninayo.

Watu kumi na wanne ni wengi. Kwa saa nne unapata kama robo saa yako mwenyewe, ukiwa na bahati. Wanane wangetosha, hata kama bei ingepanda. Hakuna Jumamosi tuliyoanza saa tatu. Tulianza saa tatu na nusu, mara moja saa nne kasoro, kwa kusubiri wachelewaji, na sisi tuliowahi tukawa ndio tunaoadhibiwa. Jirani kuna fundi wa kuchomelea mageti, na akianza kukata chuma hakuna pumzi ya tumbo itakayomshinda. Fotokopi za kusoma papo kwa papo zilikuwa zimekatwa mstari wa chini, mkawa mnakisia. Na Jumamosi ya tatu, baada ya mapumziko, saa moja na nusu ilikwenda kwa mgeni aliyekuja kufundisha kujipamba uso na mavazi ya jukwaani. Alikuwa mtu mzuri na anaijua kazi yake, lakini kwenye usaili hupaki rangi usoni. Muda ule tungeusomea karatasi wawili wawili, nisingekwenda Arusha na udhaifu ule. Nilimwambia Madam haya yote siku ya mwisho, akaandika kwenye daftari lake. La fundi alisema hana uwezo nalo.

Risiti hawatoi. Ujumbe wa simu ndiyo risiti yako, utunze.

Nilikwenda kwenye usaili miezi miwili baadaye, Arusha, ukumbi ulio mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa. Igizo ni la familia inayogombea kihamba, shamba la urithi la ukoo, baada ya baba kufariki. Nililisoma tangazo na nikajua hilo ni langu, maana nani wa kwetu hana ndugu walionuniana kwa ajili ya kihamba? Nilifika saa nzima mapema. Nilikunywa chai na ndizi mbili, sikugusa supu. Nikavuma "mmm" yangu kwenye ujia nyuma ya ukumbi. Namba 17.

Niliingia, nikafika mahali pangu, nikataja jina na kipande. Sikuomba samahani. Bibi wa Tengeru nikamweka juu kidogo ya kichwa cha mwongozaji, na nikaanza kwake. Katikati mstari ukapotea, palepale ulipopotea mwaka jana. Nikabaki namtazama bibi. Nilikuwa bado namhitaji akubali. Nadhani ilikuwa kama pumzi mbili, kwangu ilikuwa safari ya Boma Ng'ombe mpaka Usa River, na mstari ukarudi. Baadaye mmoja wao aliniambia kile kimya alikipenda kuliko maneno.

Mwongozaji akasema nirudie, safari hii kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Nikarudia chinichini, na kuna sentensi moja ambayo nilikuwa naipaza siku zote, nilipoinong'ona kwa tumbo ndipo nilipoielewa. Kipande cha jino waliniacha nimalize chote. Kisha kusoma karatasi na dada mmoja, na hapo nilijikwaa, nilitafuta mstari wangu wakati yeye ananiambia jambo zito. Nilijiona nikifanya na sikuweza kuacha.

Jumanne nikaitwa tena. Nilikuwa nautaka uhusika wa kaka mkubwa. Alipewa jamaa wa Sakina, na nilipokuwa namtazama kwenye mchujo wa pili nikajua kwa nini: mtu akimwambia kitu, unaona kikimwingia. Mimi nimepewa mwenyekiti wa kitongoji, anayeingia mara mbili, mara ya pili akiwa na karatasi ya mipaka ya shamba. Nimekubali kwa moyo wote. Mazoezi ni Jumatatu na Alhamisi jioni. Nimepanga na dereva wangu safari ya mwisho ya siku hizo iishie Arusha, nalala kwa binamu yangu Ngarenaro, alfajiri naanza nayo ya Moshi.

Nani asilipie darasa hili? Anayetaka kujifunza kuigiza kuanzia mwanzo, atatoka na njaa. Jumamosi nne hazitoshi na Madam mwenyewe anakwambia hivyo siku ya kwanza. Anayetaka filamu, huko kamera iko karibu na uso na mengi ya sauti hayatamsaidia. Ila kama tayari umewahi kusimama mbele ya watu, kanisani, shuleni, popote, na ukifika mbele ya majaji unageuka mtu mwingine usiyemjua, hapa ndipo pako. Nenda ukiwa umekwishasoma tamthilia nzima unayotaka kuitumia, utaokoa wiki. Beba maji yako. Omba urudie kusoma karatasi mara mbili, hata kama wenzako watanuna. Kaa viti vya mbele, mbali na ukuta wa fundi.

Kundi linalofuata linaanza Jumamosi ya wiki ijayo. Mdogo wangu wa kike anauza vitenge Mbuyuni, ana kipaji kunizidi na anaogopa watu kunizidi. Jana nimemlipia fungu la kwanza.